Tahadhari: Soma Herufi za Propela Kabla Hujawasha Mota

Kama unarusha ndege ya mfano ya umeme kwa nyaya, au unakusudia kung'oa injini ya mafuta uweke mota, fungua sanduku lako la propela leo. Toa moja baada ya nyingine, uzisogeze kwenye mwanga, usome maandishi yaliyo karibu na kitovu. Usiishie kwenye namba za kipenyo na pichi. Tafuta herufi zinazofuata namba hizo. Ukikuta SF, propela hiyo isifungwe kwenye ndege ya nyaya. Ukikuta propela isiyo na maandishi yoyote, nayo itoe sandukuni.

Naandika kwa haraka kwa sababu kosa la kuchagua propela kwa ukubwa peke yake husambaa kwa urahisi, tena kwa sura ya ujuzi. Mgeni anamuuliza mzoefu, "Unatumia propela gani?" Anajibiwa, "Kumi na moja kwa tano." Mgeni anakwenda kwenye duka la mtandaoni, anaona propela ya inchi 11 yenye pichi karibu na hiyo, bei nafuu, nyepesi, picha nzuri, ananunua. Ikifika inaingia kwenye shafti bila tabu. Mota inawaka na ndege inaruka. Jumamosi inayofuata naye ameulizwa, na anajibu vilevile. Propela dhaifu inaweza kuruka mara kadhaa kabla haijavunjika, na katika muda huo watu wengi wanakuwa wameshaiga.

Ukubwa ni mmoja, nguvu ni nne

Hesabu ya jambo hili haihitaji mtaalamu. Kampuni ya APC ya Woodland, California, ambayo propela zake zinaonekana sana kwenye pua za ndege za nyaya za umeme, hutangaza kikomo cha mizunguko kwa kila aina ya propela yake. Unachukua namba ya aina hiyo, unaigawa kwa kipenyo cha inchi, unapata mizunguko kwa dakika ambayo haifai kupitwa.

Kwa propela za injini za mafuta namba hiyo ni 190,000. Kwa propela nyembamba za umeme, zenye herufi E, ni 145,000. Kwa propela za droni za propela nyingi, zenye herufi MR, ni 105,000. Kwa propela za ndege za mwendo wa pole, zenye herufi SF, ni 65,000.

Sasa chukua propela nne za inchi 11, moja ya kila aina. Ya injini inaruhusiwa kufika mizunguko 17,270 hivi. Ya E inaruhusiwa 13,180. Ya MR, 9,540. Ya SF, 5,900 tu. Zote nne zina kipenyo kimoja. Ukizipanga mezani, mtu asiyesoma herufi ataona tofauti ya unene na upana wa mapanga, basi.

Ndege ya nyaya ya michezo ya angani, ile inayopiga duara za wima, za mraba na namba nane, huzungusha propela yake ya umeme kati ya mizunguko 8,500 na 11,000 kwa dakika, kutegemea kipenyo na pichi. Tuseme yako inazunguka 10,000. Propela ya E iko ndani ya kikomo na ina nafasi. Ya MR tayari imepita kikomo chake. Ya SF imekipita kwa asilimia karibu 70, na kwa kuwa nguvu inayoyavuta mapanga kutoka kwenye kitovu hukua kwa mraba wa mizunguko, inavutwa kwa karibu mara tatu ya nguvu iliyowekewa kikomo.

Anayedhani kipande cha plastiki chenye uzito wa kalamu hakiwezi kumuumiza mtu, na azingatie hili. Ncha ya propela ya inchi 11 kwa mizunguko 10,000 husafiri kwa mita 146 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Kwa mwendo huo, kila gramu moja iliyoko kwenye ncha inavutwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 15. Waliotengeneza propela ya SF hawakukusudia nguvu hiyo, waliifanya nyepesi na laini: iliundwa kwa ndege za povu zinazoelea polepole uwanjani au ndani ya ukumbi. Haina ubovu wowote pale mahali pake. Ubaya unaanza inapohamishiwa kwenye kazi isiyo yake.

Kwa nini ndege ya nyaya ni hatari zaidi

Mchezo huu una historia ndefu. Jim Walker wa Portland, Oregon, aliueneza Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa jina la U-Control, na hadi leo warushaji hukutana Muncie, Indiana, kwenye uwanja wa chama cha kitaifa cha ndege za mfano, kushindana. Mambo ya msingi hayajabadilika. Rubani anasimama katikati ya duara akiwa ameshika mshikio. Nyaya mbili nyembamba, zenye urefu wa mita 18 hadi 20 hivi, zinatoka mkononi mwake hadi kwenye bawa la ndani la ndege. Akiinamisha mshikio, waya mmoja unavuta, mwingine unalegea, na usukani wa mkiani unapanda au kushuka.

Usukani huo unafanya kazi kwa sharti moja: nyaya ziwe zimekazika. Nyaya zikilegea, rubani hana ndege tena, ana mshikio tu.

Hebu fikiria panga moja limekatika ndege ikiwa hewani. Panga la gramu 8 lililokuwa linazunguka mara 10,000 kwa dakika lilikuwa linavuta kitovu kwa nguvu ya kilo 45 hivi, na panga la upande wa pili lilikuwa linasawazisha. Sasa moja halipo. Kilo 45 zinatikisa pua ya ndege upande huu na upande ule, zaidi ya mara 160 kwa sekunde. Skrubu za mota zinang'oka, au ubao ulioshikilia mota unapasuka. Mota ikitoka, pua imepoteza uzito wake, ndege imekuwa nzito mkiani, nayo inainuka na kugeukia popote. Nyaya zinalegea. Ndege yenye uzito wa karibu kilo mbili, yenye betri ya lithiamu tumboni, inaruka bila rubani karibu na watu waliokuja kutazama. Nyaya za betri zikikatika na kugusana, moto unaanza hapo hapo.

Rubani wa ndege ya redio anaweza kusimama nyuma ya uzio. Rubani wa nyaya yuko katikati ya duara, na msaidizi wake hukaa mita moja tu kutoka kwenye propela mota inapoanza kuzunguka. Kila kipande kinachokatika kinaruka kwenye mzingo wa propela, na kwa muda mrefu wa mchezo mzingo huo unaelekea ama kwa rubani ama kwa watazamaji.

Gavana inaficha kosa

Kuna hatari ya pili, na hii inawapata hata wale waliosoma herufi vizuri.

Kwenye injini ya mafuta, propela kubwa mno hujitangaza yenyewe. Injini inalemewa, sauti inashuka, ndege inachoka. Kwenye umeme, kidhibiti cha mota kwa kawaida huwekwa kwenye hali ya gavana, ili ndege isikimbie ikishuka wala isichoke ikipanda. Gavana ya basi humzuia dereva asizidishe mwendo. Gavana hii hufanya na jambo la pili: hulazimisha mzunguko usipungue. Ukifunga propela nzito zaidi, huisikii ikilemewa. Mizunguko inabaki ileile 10,000. Kinachobadilika ni umeme unaotoka kwenye betri, na umeme hauna sauti.

Kwa mizunguko isiyobadilika, mzigo wa propela hukua sambamba na pichi, na hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe. Kutoka kumi na moja kwa tano kwenda kumi na mbili kwa sita ni inchi moja na pichi moja tu, lakini mzigo unapanda kwa asilimia 70. Mota iliyokuwa inakula ampia 30 sasa inataka zaidi ya 50. Kama kidhibiti chako ni cha ampia 40, kimekwisha. Kikiungua ndege ikiwa kichwa chini, hakuna muda wa kutafakari.

Pichi nayo ina madhara yake kwenye mkono wa rubani. Chukua ndege ya kilo 1.8 kwenye nyaya za mita 20, inayomaliza duara kwa sekunde 5.3. Inavuta mshikio kwa nguvu ya kilo 5 hivi. Ongeza pichi bila kupunguza mizunguko hadi duara limalizike kwa sekunde 4.3, nguvu hiyo inakaribia kilo 8 hata kabla hujaanza mchezo wowote. Nyaya, vishikizo vyake, bawaba ya ndani ya bawa na mkanda wa kifundo cha mkono vyote vinabeba. Kwa daraja la michezo ya angani, sheria za Marekani hudai nyaya zivutwe kwa nguvu mara kumi ya uzito wa ndege kabla ya kuruka. Ukibadilisha propela, rudia kipimo hicho. Usiseme ulishakifanya mwezi uliopita.

Dawa ya kosa lililofichwa na gavana ni mita ya wati. Iunganishe kati ya betri na kidhibiti, funga ndege chini kwa uimara, washa kwa sekunde chache, soma ampia, zima. Kama namba imepita uwezo wa kidhibiti, wa mota au wa betri, propela hiyo si yako hata kama herufi zake ni sahihi. Baada ya kuruka mara ya kwanza, gusa mota na betri. Mota isiyoshikika kwa joto inakuambia kwamba umechagua vibaya.

Propela za kinyume na nati inayofunguka

Warushaji wengi wa umeme hutumia propela zinazozunguka kinyume, zenye herufi EP kwa aina nyembamba. Wana sababu nzuri. Ndege za nyaya kwa kawaida huruka kinyume cha saa, rubani akiwa upande wa kushoto wa ndege. Propela ya kawaida, kwa kuzunguka kwake, huisukuma ndege ilalie kushoto, yaani kuelekea kwa rubani, na hapo nyaya hulegea. Propela ya kinyume huilaza nje, nyaya hukazika. Mota yenyewe hugeuzwa kirahisi, kwa kubadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti.

Lakini ukigeuza mzunguko, umegeuza na tabia ya nati. Nati ya hesi ya kawaida hukazwa kuelekea kulia. Propela ya kawaida inapoanza kuzunguka kwa kasi, hubaki nyuma kidogo ya shafti na hivyo huzidi kuikaza nati. Propela ya kinyume huifungua. Kwa hiyo tumia nati ya kujifunga yenyewe, ikaze kwa spana na si kwa vidole, na uikague kabla ya kila kuruka. Epuka adapta inayoshika shafti kwa kubana tu. Mota inayokubali adapta ya kufungwa kwa skrubu ni salama zaidi.

Ukitumia propela ya kawaida, angalia breki ya kidhibiti. Breki inapoisimamisha shafti kwa ghafla, propela na nati hutaka kuendelea, na mwelekeo wake ni wa kufungua. Zima breki hiyo kwenye mpangilio wa kidhibiti.

Na kwa propela zote, za kawaida na za kinyume, upande wenye maandishi uangalie mbele, kule ndege inakoelekea. Ikifungwa nyuma mbele bado itavuta ndege kwa udhaifu, ndiyo maana kosa halionekani mara moja, na gavana italipia udhaifu huo kwa kumwaga umeme.

Mikono yako

Injini ndogo ya mafuta ikigonga kidole, mara nyingine huzimika. Mota ya umeme haina hulka hiyo. Ikikutana na kidole, gavana inaona mizunguko imepungua na inaongeza umeme ili irudi ilikokuwa. Inaendelea kukata. Na kingo za propela nyembamba za E zinatoka kiwandani zikiwa kali kiasi cha kuchana ngozi hata zikiwa zimesimama. Zipitishie msasa laini kwa wepesi ili ukali uondoke, halafu zisawazishe upya. Paka ncha rangi nyeupe au ya njano, mtu auone mzingo mota inapozunguka.

Tahadhari zaidi na taima, kile kifaa kinachowasha mota. Rubani anabonyeza kitufe kwenye ndege, anapewa nusu dakika hivi ya kutembea hadi kwenye mshikio, kisha mota inaanza yenyewe. Katika nusu dakika hiyo ndege imelala kimya kana kwamba imezimwa. Mtoto akija kuigusa, au msaidizi akainama kunyoosha waya, propela haitatoa onyo. Baada ya kubonyeza kitufe hakuna anayesogea mbele ya bawa. Anayeishikilia ndege aishike kutoka nyuma ya bawa na asiinue macho hadi aiachie. Ukirusha peke yako, tumia kifaa cha kuifunga ndege chini kinachofunguliwa kwa kamba kutoka kwenye mshikio, na uhakikishe hakuna mtu yeyote ndani ya duara. Na unapopanga kidhibiti au taima nyumbani, propela iwe imetolewa. Hakuna mpangilio hata mmoja unaohitaji propela iwepo.

Kosa la upande wa pili

Mahali ambapo injini na mota vinarushwa pamoja, hatari inakwenda pande zote mbili. Propela nyembamba ya umeme ikifungwa kwenye injini ya mafuta hupigwa na mshindo wa kila mlipuko ndani ya silinda, jambo ambalo haikuundwa kulihimili. Itavunjika. Hali ni hiyohiyo kwa propela nyembamba za mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya mota. Tenganisha masanduku: la umeme peke yake, la injini peke yake. Usimkopeshe mtu propela kabla hujamuuliza ataifunga kwenye nini.

Fanya haya kabla ya kuruka tena

1. Gawanya namba ya aina ya propela kwa kipenyo chake, uandike kikomo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila propela uliyo nayo.

2. Pima mizunguko halisi ya mota yako kwa takomita. Ikiwa imepita kikomo, au imekikaribia, punguza mizunguko au badilisha propela. Usisubiri wikiendi iishe.

3. Kama propela ni ya kampuni nyingine, tafuta kikomo kilichotangazwa na kampuni hiyo. Namba za APC ni za APC. Kama kampuni haijatangaza kikomo, usiibahatishe.

4. Kagua kila panga kwa kulikunja kidogo chini ya mwanga. Tafuta mkwaruzo, pengo kwenye ukingo na doa jeupe karibu na kitovu, ambalo ni dalili ya plastiki iliyovutika. Tunaambiwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kwa propela, ufa hauzibwi kwa gundi ya aina yoyote.

5. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko shafti, tumia pete ya plastiki inayokuja na propela. Likiwa dogo, lipanue kwa kifaa cha kupanulia kinacholinda katikati. Drili ya mkono itapeleka tundu upande, na mtikisiko utafuata.

6. Propela iliyogonga ardhi mota ikiwa inazunguka imemaliza kazi yake, hata kama huoni alama.

7. Propela unayoitupa ivunje kwanza vipande viwili. Ukiiacha nzima kwenye pipa la uwanjani, kijana mwenye hamu na asiye na fedha ataiokota na kuifunga.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa wazoefu. Wanaoanza leo kwa umeme wanakuja bila miaka ya injini nyuma yao, na wanatuamini tunapowatajia ukubwa. Kuanzia sasa, ukiulizwa unatumia propela gani, taja kipenyo, pichi, herufi na mizunguko, vyote vinne kwa pamoja. Na anayeuliza asiondoke na namba mbili. Adai na zile nyingine mbili, na kama aliyeulizwa hazijui, basi propela zote mbili, yake na ya mwenzake, zifunguliwe na kukaguliwa kabla mota haijawashwa.